Nilipandisha Pua ya Pikapu, Tairi Likasugua Palepale

Nilikuwa narudi nyuma huku nikikata kona, usukani umefika mwisho wa kushoto, gurudumu la mbele likapanda kwenye tuta dogo la udongo. Nikasikia mkwaruzo mrefu, kama mtu anaburuta gunia la kokoto juu ya bati. Nikashuka, nikainama na tochi. Kwenye plastiki inayofunika ndani ya fenda, upande wa nyuma karibu na mlango, palikuwa na alama nyeusi inayong'aa, pana kama kiganja. Kwenye bega la tairi, vile vinywele vya mpira vya tairi jipya vilikuwa vimekwisha kunyolewa.

Matairi yale yalikuwa na siku 4 tu. Pikapu ilikuja na saizi 245/70R16, mimi nikaweka 265/75R16 kwa sababu nilitaka gari lisimame juu zaidi na lipite kwenye matope bila kukwaruza tumbo. Hesabu sikuifanya mapema, na ni hesabu ya dakika moja. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 749. Jipya lina 804. Maana yake ni kwamba tairi limesogea milimita 27 kila upande kutoka katikati ya habu (kitovu ambacho rimu inafungwa), iwe mbele, nyuma, juu au chini, na upana umeongezeka milimita 20. Ukitazama kwa mbali huoni kitu. Ndani ya fenda, milimita 27 ndizo zote ulizokuwa nazo.

Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: "Kaza toshenibaa."

Kwa asiyeijua, ni hivi. Pikapu nyingi za miaka ya nyuma zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea hazina springi ya koili pale mbele. Badala yake kuna chuma cha mviringo, kirefu kama mita moja, kinacholala sambamba na chasisi, kimoja kila upande. Kichwa chake cha mbele kimeshika mkono wa gurudumu, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi na kuliacha lipande na kushuka. Mkia wake umeingia kwenye kipande kifupi cha chuma, na kipande hicho kinasukumwa na bolti moja ndefu yenye nati. Gurudumu likipanda, chuma kinasokotwa. Kikijirudi, gurudumu linashuka. Ukikaza ile bolti pua ya gari inapanda, ukiilegeza inashuka. Hakuna kukata, hakuna kuchomelea, hakuna kununua kitu. Ndiyo maana kila mtu anaishauri.

Nilifanya kazi hiyo mwenyewe Jumamosi moja. Kwanza nilipima. Watu hupima kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa fenda, lakini kipimo hicho kinabadilika ukibadilisha tairi au ukipunguza upepo. Pima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Hapo tairi halina neno. Kushoto nilipata 488, kulia 482. Tofauti ndogo ya namna hiyo ni ya kawaida kwa gari lililobeba dereva upande mmoja kwa miaka.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemwagia zile bolti mafuta ya kulegeza kutu, na asubuhi nikazisugua na brashi ya waya mpaka nyuzi zikaonekana. Nikaweka alama ya rangi nyeupe kwenye kila bolti, nikahesabu nyuzi zilizotokeza juu ya nati, nikaandika kwenye karatasi. Nikainua mbele kwa jeki chini ya boriti ya chasisi, nikaliweka gari juu ya stendi, magurudumu yakaning'inia. Hatua hii usiiruke. Bolti ile ukiikaza huku gari limesimama juu ya magurudumu, inabeba uzito wote, na nyuzi zake zinaweza kung'oka. Na uso wako usiuweke chini ya kile kipande cha chuma kinachosukumwa na bolti. Toshenibaa iliyosokotwa imeshika nguvu nyingi ndani yake, na bolti ikikatika nguvu hiyo inaachiwa kwa mpigo mmoja.

Kila mzunguko mmoja wa bolti, kwa gari langu, ulinipa kama milimita 5. Nikakaza mizunguko 9 kushoto na 10 kulia. Nikalishusha, nikaliendesha mita chache mbele na nyuma, maana magurudumu yakitoka kuning'inia yanakaa yamejibana kwa ndani na gari linaonekana refu kuliko lilivyo. Nikapima tena: 533 kwa 532. Pua imepanda milimita 45 na zaidi, gari limesimama kama simba. Nikakata usukani mpaka mwisho, kushoto, kulia. Kimya. Nikaamini kazi imekwisha.

Wiki ya kwanza ndiyo niliyoanza kusikia "ngo". Nikipanda tuta, hakuna sauti. Nikishuka upande wa pili, "ngo", chuma kwa chuma, chini ya miguu yangu. Gari lilikuwa limekuwa gumu, linarukaruka kwenye mashimo madogo ambayo zamani lilikuwa linayameza. Abiria wangu wa kawaida aliniuliza kama shokapu zimekufa.

Wiki ya tatu nilipitisha kiganja juu ya uso wa tairi la mbele. Nikipapasa kutoka ndani kwenda nje ni laini. Nikirudisha mkono, kingo zinakwaruza kama meno ya msumeno. Bega la nje lilikuwa linalika waziwazi. Na nilipoinama zaidi nikaona kitu kilichoniuma kuliko vyote: grisi nyeusi imetapakaa ndani ya rimu, kama mtu ameichapa na brashi. Buti la mpira la sivijointi, ile jointi ya ekseli inayozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, lilikuwa limepasuka kwenye mkunjo. Gari langu halina habu za kufungia, zile za kuunganisha na kuachanisha gurudumu na ekseli, kwa hiyo ekseli za mbele huzunguka muda wote hata kama situmii magurudumu manne. Nilikuwa nimeziinamisha kwa pembe kali kuliko zilivyozoea, na mpira wa zamani haukuhimili.

Halafu, baada ya gharama zote hizo, siku moja niliingia kwenye kijia chenye makorongo, nimebeba mzigo, nakata kushoto, gurudumu likazama juu. Mkwaruzo uleule. Alama ileile, mahali palepale.

Nikampelekea gari fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi ya miguu ya magari maisha yake yote. Hakugusa spana. Alichuchumaa akaangalia ile alama, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hili tairi linasugua gari likiwa limesimama, au likiwa limezama?"

"Likizama, mzee. Hasa nikiwa nimekata kona."

"Sasa ulipokaza bolti, ulipabadilisha pale linapozamia?"

Sikuwa na jibu, na swali lile ndilo lililonifundisha kila kitu ninachokiandika hapa. Gurudumu likipanda, linapanda mpaka mkono wake unagonga stopa, kile kipande kinene cha mpira kilichofungwa kwa ajili hiyo. Huo ndio mwisho wake wa juu. Bolti ya toshenibaa haigusi stopa wala haisogezi mahali ilipofungwa. Kwa hiyo gurudumu likiwa limezama mpaka mwisho, liko palepale lilipokuwa kabla sijakaza hata nyuzi moja. Nilichobadilisha ni mahali linapopumzika gari likiwa limesimama. Nafasi niliyoiona uwanjani kwangu ilikuwa ya kweli, ila haikuwa mahali ninapoihitaji.

Na ile safari ya juu niliyoongeza, yaani umbali wa gurudumu kupanda, niliichukua kutoka safari ya chini. Mkono wa juu nao una mpira wake wa kuuzuia usishuke kupita kiasi. Kabla ya kazi yangu, vidole vitatu vilipita kati ya mkono na mpira ule. Baada ya kukaza, kidole kimoja kilipita kwa shida. Gurudumu likitaka kushuka kufuata shimo, au likiwa linatoka juu ya tuta, linafika mwisho mara moja na kugonga. "Ngo" yangu ndiyo hiyo.

Mafundi wengi husema ukiikaza toshenibaa inakuwa ngumu. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini ugumu wake unatokana na unene, urefu na chuma chenyewe, na unene ndio wenye kauli ya mwisho: ongeza kipenyo kwa asilimia 10, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 46. Bolti haibadilishi lolote kati ya hayo. Hata msokoto wenyewe, gari likiwa limesimama, ni karibu uleule wa zamani, kwa sababu uzito ulio juu ya gurudumu haukuongezeka hata kilo moja, na chuma husokoteka kulingana na uzito kinaoubeba. Ukigeuza mkia, chuma kizima kinageuka pamoja nao na kuushusha mkono. Gari linahisi gumu kwa sababu limeishiwa nafasi ya kushuka. Kuna watu hununua shokapu mpya kwa tatizo hili, na shokapu hazina kosa.

Fundi alinionyesha namna ya kupima kweli, na hili ningependa kila mwenye pikapu alifanye kabla ya kununua tairi kubwa. Tuliinua mbele juu ya stendi, tukailegeza bolti ya toshenibaa mpaka chuma kikaachia karibu msokoto wote. Sasa mkono wa gurudumu haukuwa na springi ya kushindana nayo. Tukafunga gurudumu na tairi lake kubwa, tukaweka jeki ndogo chini ya mkono wa chini, tukainua polepole mpaka stopa ikagusa na kubonyea kidogo. Hapo ndipo gurudumu linapofika siku ya shimo kubwa na mzigo.

Kisha akachukua chaki. Akaipaka ndani ya fenda yote, kwenye plastiki, kwenye kona ya ndani ya bampa, kwenye mkono wa juu, kwenye chasisi. Mmoja wetu akageuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho, mwingine akalizungusha tairi kwa mkono. Tukashusha jeki. Chaki ilikuwa imefutika sehemu mbili. Moja ilikuwa nyuma, pale kwenye alama yangu, na chini ya plastiki palikuwa na mshono wa bati umetokeza kama ukingo wa sahani. Ya pili ilikuwa mbele, kona ya chini ya bampa, ambayo nilikuwa sijaiona kabisa. Upande wa ndani, kwenye mkono wa juu na chasisi, chaki ilibaki nyeupe kabisa, na nafasi ilikuwa ya vidole viwili na ushee.

Hiyo nafasi ya ndani ndiyo iliyomfanya aulize habari za rimu. Pamoja na matairi nilikuwa nimeweka rimu za kutokeza nje, kwa sababu nilipenda zinavyokaa. Rimu za kiwandani zilikuwa na ofseti ya milimita 30, yaani uso unaofungwa kwenye habu uko milimita 30 nje ya mstari wa katikati ya rimu, kwa hiyo gurudumu linaingia ndani. Zangu zilikuwa na 10. Zililisukuma tairi nje milimita 20, na upana wa ziada ukaongeza 10. Ukingo wa nje wa tairi ukawa milimita 30 mbali zaidi na mahali gurudumu linapogeukia. Gurudumu halizunguki papo hapo linapokata kona; linachora upinde, na kadiri linavyokaa nje ndivyo upinde unavyopanuka kuelekea bampa mbele na mlango nyuma. Nusu ya tatizo langu nilikuwa nimelifunga mwenyewe kwa nati 6 kila upande.

Tulirudisha rimu za kiwandani. Upande wa ndani kidole kimoja kikapita, kinatosha. Tukarudia chaki. Alama ya mbele ikapungua ikawa ndogo kama ukucha, ya nyuma ikabaki lakini nyembamba.

Kwa ile ya nyuma, tulitoa vifungio vya plastiki, tukaipasha kwa hewa ya moto mpaka ikalegea, tukaisukuma nyuma ikaukumbatia mwili wa gari. Ule mshono wa bati tukaulaza kwa nyundo na kipande cha mbao, pigo dogo dogo. Usipige kwa hasira, mshono huo umeshika mabati mawili. Rangi ikapasuka, kama tulivyojua itapasuka, kwa hiyo tukasugua, tukapaka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili, tukaacha ikauke kabla ya kurudisha plastiki. Kona ya bampa ilikuwa ya plastiki tupu. Tuliikata kidogo kwa kisu chenye ncha kali na kulainisha ukingo.

Kuna njia nyingine ambayo niliikataa. Kwenye gari langu ipo bolti ya kikomo cha usukani, inayozuia gurudumu lisigeuke kupita hapo. Ukiitoa nyuzi chache gurudumu linakata kidogo kuliko mwanzo, na halifiki kwenye bampa. Inafanya kazi. Lakini gari refu kama pikapu tayari linahitaji uwanja mzima kugeuka, na sikutaka kulipunguzia zaidi ili kuokoa kipande cha plastiki. Anayeitumia aipime pande zote mbili sawasawa.

Toshenibaa tuliikaza upya, safari hii hadi 508 pande zote mbili. Ni milimita 20 juu ya kushoto kwa zamani. Vidole viwili vikapita kwenye mpira wa mkono wa juu, na ekseli zikarudi karibu na pembe yake. "Ngo" ikakoma siku hiyohiyo. Kama utawahi kuvitoa vyuma hivyo kabisa, angalia herufi zilizogongwa kwenye ncha: cha kushoto na cha kulia havibadilishani, kwa sababu kila kimoja kimeandaliwa kusokotwa kwa upande wake.

Buti la sivijointi tulibadilisha, tukaosha jointi, tukatia grisi mpya. Nilikuwa nimewahi, haijaanza kulia tik-tik-tik kwenye kona. Ikilia imekula mchanga, na hapo grisi haisaidii.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu kwa mashine, niliiacha iwe ya mwisho, baada ya kuliendesha gari siku kadhaa likae, nikapima tena na kuona urefu haujabadilika. Kuipeleka mapema ni kupoteza kazi, kwa sababu kila milimita unayopandisha inageuza pembe za gurudumu. Kwangu, kupandisha kulikuwa kumeinamisha magurudumu kwa nje juu na kuharibu mwelekeo wake, ndipo bega la nje likalika. Nilimwomba fundi wa mashine jambo moja zaidi. Mikono ya chini ya gari langu imefungwa kwa bolti zenye kamu, ambazo ukizizungusha zinasogeza mkono, na ndani ya vipimo vinavyoruhusiwa unaweza kuusogeza mkono wa chini mbele kidogo. Akausogeza. Zilikuwa milimita chache tu, lakini ziliongeza nafasi upande wa nyuma, ambako tairi lilikuwa linagusa, na usukani ukawa unarudi katikati vizuri zaidi kuliko zamani.

Kuna mambo matatu niliyagundua baadaye na yalinisumbua kwa kuwa hakuna aliyeniambia. Taa za mbele zilikuwa zinawamulika wanaokuja machoni, nikazishusha. Spidomita inasema uongo: ikionyesha 100, gari liko karibu 107, kwa sababu tairi kubwa hufika mbali zaidi kwa kila mzunguko. Na hosi za breki za mbele lazima zikaguliwe gurudumu likiwa limening'inia na usukani umekatwa mpaka mwisho, pande zote mbili. Zisiwe zimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Zangu zilikuwa na ulegevu wa kutosha. Za gari lako zitazame kwa macho yako.

Kabla sijaondoka, fundi alipaka chaki tena ndani ya fenda zote mbili, akaniambia nikazunguke nalo na mzigo. Nilirudi kwenye kijia kile chenye makorongo, nikakata kushoto mahali palepale, gurudumu likazama. Nilisimama nikashuka na tochi. Upande wa nyuma chaki ilikuwa nzima, imechafuka vumbi tu. Mbele kushoto, chini ya kona ya bampa, palikuwa na mchirizi mmoja mwembamba kama uzi. Nyumbani nikachukua kisu nikaikata milimita 3 zaidi, nikapaka chaki nyingine.

Wiki mbili zilizofuata haikuguswa.